Timu Dhaifu na Ivuke Maji

Katika kurasa zetu za Kiswahili nataka kujibu maneno yaliyoandikwa katika toleo lililopita na mmoja wa wale waliotutangulia hapa shuleni. Ndugu yetu mkubwa huyo alisema kwamba timu dhaifu haina haki ya kusafiri kwenda kucheza na timu zenye nguvu. Ikae kwanza nyumbani, alisema, icheze na walio sawa nayo, na siku itakapopata nguvu ndipo ifunge safari. Akatoa mfano wa timu ya kriketi ya Uganda, iliyokwenda kwenye Kombe la Dunia la Juni 2024 huko Guyana na Trinidad, ikatolewa yote kwa mbio 39 mbele ya West Indies, na siku sita baadaye ikatolewa kwa mbio 40 mbele ya New Zealand. Akauliza: fedha zile na aibu ile zilimfaa nani?

Mimi ni mtoto kwake, naye ameona mengi kuliko mimi. Hata hivyo sikubaliani naye. Tena nadhani nina haki ya kusema katika jambo hili, maana mimi ni kipa, na katika likizo ya mwaka jana nilifungwa mabao tisa kwa mchana mmoja.

Wasomaji wengi hawaijui Rongui, nyumbani kwetu. Ni kisiwa kidogo kaskazini ya Cabo Delgado, upande wa Palma, jirani na Vamizi. Watu wetu ni wavuvi, na akina mama huenda mwambani kutafuta pweza maji yakitoka. Uwanja wa mpira hatuna. Tunacheza pwani siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali na kuacha mchanga mgumu ambao mtu aweza kukimbia juu yake. Milingoti yetu ya goli ni fito za mkandaa. Mechi huanza maji yakiwa chini na huisha yanapofika kwenye fito, hata kama mtu yuko peke yake mbele ya goli. Refa wetu ni bahari, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Basi tulialikwa na timu moja ya bara. Mjomba wangu, ambaye ni nahodha, alitoa mashua yake. Tulipofika tulikuta uwanja wa udongo mwekundu, mkavu kama sakafu, na mpira ukigonga chini unaruka kama mbuzi. Sisi tumezoea mpira unaozama kidogo mchangani na kukungoja. Mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa matatu. Baada ya mapumziko sita. La saba nililiona likija tangu mbali, nikajitupa mapema mno, likanipita juu wakati nimekwisha lala chini, na watoto waliokuwa nyuma ya goli walicheka mpaka nami nikataka kucheka.

Katika kurudi hakuna aliyesema neno mpaka tulipouona mwamba wetu. Mjomba ndiye aliyesema kwanza, naye hakutaja mabao. Alisema, "Leo na jana ilikuwa bamvua." Maneno hayo yalituuma kuliko mabao yenyewe. Vijana kumi na watano, wengine wao ndio wanaolisha nyumba zao, hatukuvua siku mbili nzuri za mwezi. Jioni ya tatu wazee walikaa barazani, wakatuita, wakauliza nani ataka kuvuka tena kwenda kufungwa. Walioona heri tusivuke waliambiwa wainue mikono. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza.

Naandika haya ili ndugu yetu mkubwa ajue kwamba fikira yake nilikwisha kuishika kabla yake. Kilichonitoa humo ni gongo la kriketi.

Liko katika stoo ya shule yetu, nyuma ya majembe, limeliwa na mchwa upande mmoja. Wenye umri wa babu zetu wanasema mchezo huo ulichezwa hapa zamani. Mwalimu wetu wa Jiografia aliponikuta nikilichezea aliniuliza kama najua kwamba Afrika ya Mashariki iliwahi kucheza Kombe la Dunia la kriketi, lile la kwanza kabisa, la mwaka 1975 huko Uingereza. Sikujua. Alinipa hesabu za mechi zile nizisome, nami nimezisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha mtihani, Mungu anisamehe.

Kwa asiyeujua mchezo, atosheke na haya: upande mmoja hupiga mpira na kukusanya mbio, upande wa pili hurusha mpira na kujaribu kuangusha wiketi, yaani kuwatoa wapigaji mmoja mmoja. Wakitolewa kumi, au mipira waliyopangiwa ikiisha, zamu hubadilika. Mipira sita huitwa ova. Mwaka 1975 kila upande ulipewa ova 60. (Wale wanaosema huu si mchezo wa watu wetu, wajue kwamba Msumbiji nayo ina timu: huko Kigali, Novemba 2021, Francisco Couana wa Msumbiji alipata mbio 104 na kuangusha wiketi tano katika mechi moja na Kameruni.)

Timu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa ya nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha wake alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Hapakuwa na hata mmoja aliyelipwa kwa kazi ya kriketi. Walikuwa watu wa maduka, ofisi na kazi nyinginezo. Viwanja vingi vya kwao wakati ule vilikuwa vya mkeka uliotandikwa juu ya udongo ulioshindiliwa, na kule Uingereza wakakuta majani. Niliposoma hayo niliukumbuka ule udongo mwekundu.

Tarehe 7 Juni walicheza na New Zealand pale Edgbaston, mjini Birmingham. New Zealand walipata mbio 309. Glenn Turner peke yake alipata 171, na hawakuweza kumtoa. Afrika ya Mashariki wote pamoja walipata 128, yaani mtu mmoja aliwashinda watu wote. Tarehe 11 walikwenda Leeds kucheza na Bara Hindi, wakatolewa kwa 120, na Wahindi Gavaskar na Engineer wakazipita hizo wawili peke yao bila hata mmoja kutolewa. Katika mechi hiyo Bishan Bedi alirusha ova zake 12, na katika nane kati ya hizo hapakupatikana hata mbio moja. Zote 12 zilitoa mbio sita tu. Tarehe 14 wakarudi Edgbaston kucheza na Waingereza wenyewe: 290 kwa 94. John Snow aliangusha wiketi nne kwa mbio 11. Nahodha Harilal Shah katika mechi tatu alipata jumla ya mbio sita. Namwonea huruma mtu huyo kama ndugu yangu.

Lakini tazameni tena mechi ya kwanza. Zile mbio 128 walizipata kwa ova zote 60. Mbio 310 zilizohitajika hazikuwezekana tena, na kila mtu uwanjani alilijua hilo; hata hivyo walisimama mpaka mpira wa mwisho, na wiketi mbili zilibaki hazijaanguka. Frasat Ali alipata 45. Miongoni mwao alikuwamo John Nagenda wa Uganda, aliyeangusha wiketi moja siku hiyo, naye baadaye akawa mwandishi wa vitabu na mshauri wa Rais Museveni mpaka alipofariki Machi 2023. Mimi baada ya bao la saba sikujitupa tena. Mabao mawili ya mwisho yaliingia nami nimesimama nikiyatazama kama mpita njia. Hilo sikuwaambia wazee barazani, wala mjomba.

Labda ndugu yetu mkubwa atasema: Haya, walisimama, lakini wamepata nini? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa, kwa kuwa katika safari ileile kulikuwa na timu nyingine iliyoshindwa mechi zake zote tatu. Ni Sri Lanka. Walialikwa kama sisi, nao hawakuhesabiwa kuwa kitu. Walipocheza na Australia mjini London, Jeff Thomson alirusha mipira ya kasi hata wapigaji wawili, Duleep Mendis na Sunil Wettimuny, wakapelekwa hospitali. Siku hizo hapakuwa na kofia za chuma za kukinga kichwa. Angekuwapo mzee wetu mmoja wa barazani angesema: rudini nyumbani, mtauawa kwa ajili ya mchezo.

Miaka 21 baadaye, tarehe 17 Machi 1996 mjini Lahore, Sri Lanka waliwashinda Australia haohao katika fainali wakachukua Kombe la Dunia. Na meneja wa timu siku hiyo alikuwa Duleep Mendis, yule aliyechukuliwa hospitali.

Je, sisi Afrika ya Mashariki tulikuwa wapi? Hapa ndipo nadhani ndugu yetu amekosea mahali pa kutafuta ugonjwa. Timu zile mbili zilisafiri sawasawa na kushindwa sawasawa. Tofauti yao ilikuwa baada ya kurudi. Wale wa Sri Lanka walirudi nchi moja, kwenye shule zilizokuwa zikishindana kriketi kila mwaka tangu karne ya kumi na tisa, na mtoto aliyesikia habari za Mendis aliweza kushika gongo kesho yake. Wetu walirudi nchi nne. Timu iliyokusanywa kwa safari ilifumuka kama wavu usiotiwa fundo. Uganda ilikuwa imekwisha kupoteza wachezaji wengi mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Don Pringle, aliyerusha mpira katika kikosi kile, alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka huohuo wa 1975. Mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, aliichezea Uingereza hata katika fainali ya Kombe la Dunia la 1992. Jina la Afrika ya Mashariki halikuonekana tena katika Kombe la Dunia.

Kenya ilijitenga na kuingia peke yake katika chama cha kriketi cha dunia mwaka 1981, ikacheza na kushindwa na kucheza tena. Tarehe 29 Februari 1996 pale Pune, katika Kombe lilelile walilochukua Sri Lanka, Kenya ilipata mbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Maurice Odumbe aliangusha wiketi tatu kwa mbio 15. Wiki haijaisha vizuri, Sri Lanka wakaipiga Kenya mbio 398, idadi ambayo haikuwahi kuonekana katika mechi za namna hiyo. Basi ikawa ushindi mkubwa na kipigo kikubwa katika wiki moja, na Steve Tikolo katika kipigo hicho akapata 96. Mwaka 2003 Kenya iliwashinda Sri Lanka hao Nairobi, ikafika nusu fainali. Baada ya hapo mambo yaliharibika, na Kombe la Dunia la mwisho kwa Kenya lilikuwa la 2011, iliposhindwa mechi zote sita. Walioiharibu hawakuwa New Zealand wala Australia. Ugomvi wa nyumbani na malipo ndio ulioiharibu, na hilo ni jambo la kuandikwa siku nyingine na mtu mwingine.

Sasa nirudi kwa Uganda ya 2024, mfano wa ndugu yetu. Alitaja mbio 39 na mbio 40, na angeweza kutaja pia 58 walizopata mbele ya Afghanistan. Mechi moja hakuitaja. Tarehe 5 Juni walicheza na Papua New Guinea, ova 20 kila upande, wakawatoa kwa 77, na wao wakazifikia 78 kwa taabu, wakiwa wamepoteza wiketi saba. Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, ambaye alikuwa ameichezea nchi yake zaidi ya miaka ishirini, alirusha ova zake nne, akatoa mbio nne tu na kuangusha wiketi mbili. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia. Na walifikaje huko? Novemba 2023, mjini Windhoek, waliifunga Zimbabwe, ambayo ni kubwa kwao kwa kila kipimo, na Zimbabwe ndiyo iliyobaki nyumbani. Kwa hesabu ya ndugu yetu, Nsubuga angengoja Uganda ipate nguvu kwanza. Angengoja mpaka lini? Alikuwa na miaka 43!

Hata Mambas wetu wa Msumbiji, wale wa mpira wa miguu, walikwenda kwenye fainali za Afrika mwaka 1986, 1996, 1998 na 2010 wasishinde hata mechi moja. Januari 2024 huko Ivory Coast walikwenda tena, wakatoka 2–2 na Misri, na 2–2 na Ghana, na mabao yote mawili dhidi ya Ghana waliyapata katika dakika za nyongeza. Kama wangetii ushauri wa kukaa nyumbani baada ya 1986, mimi nisingekuwa na la kusikiliza redioni usiku ule. Nyumba tatu za jirani zilidhani tumepatwa na msiba.

Hata hivyo jambo moja nalikubali, nalo ni lile la mjomba. Safari ina gharama, na anayeilipa si mchezaji peke yake. Mwenye kusema "twende tu" huku mama yake mdogo anangojea samaki, huyo hana akili. Nyumbani kwetu baada ya Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, watu wajua maana ya nyumba kukosa chakula, na sitaki kuandika kama kwamba mpira ni mkubwa kuliko hilo. Bali mjomba alisema bamvua; hakusema mabao. Nimelifikiri neno lake muhula mzima. Siku za bamvua ndizo za pweza, na ndizo za uwanja wetu wa mchangani. Siku za maji mafu uwanja wetu hauonekani, na mashua nyingi hukaa. Basi bamvua tufanye kazi asubuhi na kujizoeza maji yakiwa chini, na safari iwe ya maji mafu. Aliyetualika aambiwe tarehe hiyo mapema. Mechi isiwe moja, bali ziwe tatu kwa mwaka, na timu ileile, ili kosa la mechi ya kwanza liwe na mahali pa kusahihishwa. Timu ya 1975 ilipewa siku nane tu za kujifunza, kisha ikafumuliwa.

Nasema hayo pia kwa kikosi chetu cha shule, ambacho kimepata mwaliko kwa ajili ya muhula ujao, na barua hiyo bado haijajibiwa. Nimesikia mabwenini kwamba wengine wangependa tujibu kwamba tuna mitihani. Mitihani tunayo kila mwaka. Walioko nje, ninyi wakubwa wetu mliomaliza, kama mwaona ni aibu jina la shule kuandikwa chini katika gazeti la mabao, tafadhali msituandikie makala ya kutuzuia, tuleteeni viatu. Namba zinazohitajika sana ni nane na tisa. Mimi navaa tisa.

Kuhusu kisiwani, nilimwandikia mjomba kwamba mkono wangu nimeushusha, na nilimweleza habari za maji mafu. Alijibu kwa simu kwamba mashua ipo, na kwamba wazee wamecheka lakini hawakukataa. Kisha akaniuliza kama safari hii nitajitupa mpaka mwisho. Sikujua kama aliyaona yale mabao mawili. Nilimwambia nitakuja likizo.